Mnauliza mshahara, ulizeni kinachobaki

Ndugu zangu wa Tanga, wa Ngamiani, Chumbageni, Pongwe, na nyie wa Pangani mliojipenyeza: swali lenu limefika, tena limefika na hasira zake. Mmeandika kwamba kodi ya chumba imepanda, kwamba mwenye nyumba akitaka kuongeza anataja bomba la mafuta la Chongoleani hata kama nyumba yake iko Duga, kwamba mkaa na mafuta ya kula havishikiki. Mkamalizia na yule kijana wa kwenye video anayesema Uingereza hata mfagiaji analipwa milioni sita kwa mwezi. Iweje basi sisi tulio huku Uingereza tutume laki na nusu, tena kwa manung'uniko?

Haya. Kijana hajadanganya, na ubaya uko hapo hapo.

Kima cha chini cha mshahara Uingereza kwa mwaka ulioanza Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa, kwa mwenye miaka 21 na kuendelea. Piga saa 37 na nusu kwa wiki, wiki 52, gawa kwa 12: unapata pauni 1,984 kwa mwezi. Tuifanye pauni shilingi 3,300 ili hesabu iende, maana siku mnasoma itakuwa imeshapanda au imeshuka. Hiyo ni milioni sita na nusu. Video inakatika hapo.

Sasa endeleeni. Kila kinachozidi pauni 12,570 kwa mwaka kinakatwa asilimia 20 ya kodi ya mapato na asilimia 8 ya bima ya taifa. Ongeza makato ya uzeeni. Inayoingia benki ni kama 1,660, na hiyo ni kwa mtu ambaye karatasi zake za kodi zimenyooka. Mgeni ambaye hakujaza ile fomu ya mfanyakazi mpya siku ya kwanza, au kaijaza kwa kubahatisha, hati yake ya mshahara inaweza kuja imeandikwa 0T au BR badala ya 1257L. Maana yake ule msamaha wa 12,570 hajapewa, anakatwa kuanzia pauni ya kwanza. Ni pauni 209 kwa mwezi zinakwenda hivi hivi. Zinarudishwa, lakini baada ya kupiga simu ofisi ya kodi na kusikiliza muziki wao mpaka uukariri. Ukipokea hati ya kwanza, tazama herufi hizo kabla ya kutazama jumla.

Chumba kimoja katika nyumba ya kuchangia, mji wa kawaida nje ya London, weka pauni 600, humo mna umeme, maji na intaneti. London msiniulize. Tiketi ya basi ya mwezi 75, chakula 200 kwa anayejipikia, simu 10. Zinabaki 775. Nasikia mnapiga hesabu: milioni mbili na nusu! Ndiyo, kwa mtu mmoja, mzima wa afya, asiyekosa zamu hata moja, anayelala kwenye chumba ambacho kitanda na birika la umeme vinaangaliana. Akiugua siku tatu, kwa kazi nyingi za namna hiyo, hesabu yote imelala.

Halafu yako yasiyokuja kila mwezi, na hayo ndiyo mnayoyasahau. Kuingia kwenye chumba hicho kunahitaji kodi ya mwezi wa kwanza na dipoziti inayofika wiki tano, kwa hiyo ni karibu pauni 1,292 mkononi kabla hujalala usiku mmoja. (Kwa England sheria imeishia wiki tano, akidai miezi miwili ya dipoziti, huyo mwizi. Na lazima aiweke kwenye mfuko wa kulinda dipoziti ndani ya siku 30, mdai karatasi yake.) Viza nayo ina ada ya afya ya pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza, na inalipwa yote kwa mkupuo. Aliyekuja kwa ndoa akiongeza miaka miwili na nusu analipa ada hiyo zaidi ya pauni 2,500, bado ada ya viza yenyewe. Mwanafunzi ni 776 kwa mwaka. Wenye viza ya afya na malezi wamesamehewa hii, na wanastahili. Sasa mtu aliyeanza kukusanya fedha hizo tangu mwezi wa kwanza mnamwita bahili.

Na mwenye watoto? Kila nilichokiandika hapo juu kifuteni. Chumba kinakuwa nyumba, nyumba inakuja na kodi ya halmashauri, na gesi na umeme vinakuwa vyako. Viza nyingi zimeandikwa kabisa kwamba mwenyewe haruhusiwi kugusa fedha za umma: posho ya watoto hakuna, msaada wa kodi ya nyumba hakuna. Tanga mtoto anaachwa kwa bibi yake Makorora, analala, anakula, anarudi amefundishwa na Kurani. Huku saa za mtoto zina bei, na kwa siku moja ya kumwacha kituoni wengi wanalipa kile wanachopata kwa saa tano au sita za kazi. Ughali wa maisha mnaoukimbia Tanga ni wa vitu vinavyouzwa. Huku vimeongezeka na vile ambavyo kwenu havijawahi kuuzwa.

Niwape mfano wa mita ya gesi, kwa sababu inawaliza watu kila mwaka. Nyumba nyingi za kupanga za bei nafuu zina mita ya kulipa kabla, kama LUKU, ila unabeba kadi au ufunguo dukani kuongeza. Mtu wa Tanga anajua LUKU: usipowasha, hailiwi. Hii inaliwa. Kuna ada ya kila siku, ya gesi kama peni 30 na ya umeme zaidi ya peni 50, iwe umewasha au hujawasha. Sasa kiangazi unazima joto, unasema gesi siitaki, huongezi salio. Ada inaendelea kujiandika kama deni, siku 150 kwa peni 30 ni pauni 45. Baridi ya kwanza ya Oktoba unaweka pauni 20, mita inafyonza deni, nyumba inabaki barafu, na unadhani kadi mbovu. Dawa yake ni kuongeza pauni mbili tatu kila wiki hata Julai kwenye jua. Na siku ya kuingia nyumba mpya, kabla ya kuingiza chochote, piga picha namba za mita na uwaambie kampuni wewe ni mpangaji mpya, la sivyo unalipa deni la aliyetoka.

Tuje kwenye fedha za kutuma, maana ndipo tunapogombania.

Kwanza, neno "ada bure" lisiwatie wazimu wala lisitutie wazimu sisi. Kampuni isiyotoza ada inajilipa kwenye kubadilisha fedha. Mfano: huyu hana ada, anakupa shilingi 3,230 kwa pauni, yule anatoza pauni 1.99, anakupa 3,290. Kwa pauni 200, wa kwanza analeta 646,000. Wa pili, baada ya kutoa ada, analeta 651,453. Aliyetoza ameleta zaidi. Anayetuma aangalie kitu kimoja tu, shilingi ngapi zitagota upande wa pili, na aangalie siku ile ile kwa sababu hubadilika. Kutuma pauni 50 mara nne kwa mwezi kwa kampuni yenye ada ni kulipa ada mara nne. Kwa hiyo mkiomba kidogo kidogo kila Ijumaa mnatukamua bila kufaidi.

Pili, jina. Laini yako imesajiliwa kwa kitambulisho cha kaka yako, wewe unatuambia "andika jina langu, wananijua wakala wote". Wakala anakujua, mtambo haukujui. Fedha inakwama, inarudi baada ya siku kadhaa, na mara nyingine inarudi kwa kiwango kingine. Tupeni jina kama linavyotokea kwenye simu mnapotumiana nyie kwa nyie. Jumla kubwa ipite benki, si kwenye simu, maana ya simu ina ukomo na makato ya kutolea, na msituambie "weka na ya kutolea" kama vile hiyo ni salamu.

Tatu, kuna mambo hayahitaji kupitia mikono ya mtu. Ada ya shule ilipwe kwenye akaunti ya shule. Umeme ununuliwe kwa namba ya mita ya mama, tokeni atumiwe. Mnaona hatuwaamini. Kweli, hatuwaamini, na nyie mngekuwa huku msingejiamini.

Na ujenzi, yarabi. Kama mtu anajenga Mwahako au Pongwe kwa mshahara wa saa, msimwombe fedha ya "kuendeleza nyumba". Mwombeni ya hatua: msingi, kuta, linta, kupaua, na kila hatua picha na stakabadhi. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ukitoa tofali za inchi 6 kati ya 25 na 35, hizo ni tofali. Fundi akijisifu ametoa 50, amefyatua mchanga. Mchanga wa pwani usiutumie hata ukipewa bure, chumvi yake inakula nondo na baada ya miaka kadhaa zege linapasuka lenyewe. Saruji isinunuliwe ya nyumba nzima kwa sababu bei imeshuka. Kwa unyevu wa Tanga, mifuko iliyolazwa sakafuni inaanza kuwa mawe ndani ya miezi mitatu. Inunuliwe ya wiki mbili, iwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Mengi ya magofu ya watu wa ughaibuni mnayoyapita njiani hayakukwama kwa kukosa fedha. Yalikwama kwa sababu fedha ilitumwa kwa mkupuo na hakuna aliyejua iishie ukuta wa ngapi.

Kuna mjomba kauliza juu ya ajenti anayeuza barua ya udhamini wa kazi ya kulea wazee kwa mamilioni. Mjomba, kwa heshima zote, huyo anakuuzia upepo. Njia ya kuajiri walezi wapya kutoka nje ilifungwa tarehe 22 Julai 2025. Na hata kwa kazi zilizobaki, ada ya barua ile anailipa mwajiri, si mwajiriwa. Jina la kampuni kuonekana kwenye orodha ya serikali ya waajiri wenye leseni ya kudhamini si ushahidi kwamba kazi ipo. Ipo orodhani leo, kesho imefutwa leseni, na aliyeletwa nayo kwa kawaida anapewa siku 60 kupata mwajiri mwingine au kuondoka. Mashamba ya minazi yameuzwa kwa barua za namna hiyo.

Wa kusoma nao: fedha ya kuonyesha benki, kwa maombi ya kuanzia Novemba 2025, ni pauni 1,171 kwa mwezi nje ya London, hadi miezi tisa, yaani 10,539, juu ya ada ya chuo iliyobaki. Ikae siku 28 mfululizo. Ikishuka chini ya hapo hata siku moja, hata kwa makato ya benki, maombi yameanguka na ada ya viza haikurudi. Kwa hiyo weka ziada kidogo. Na usije ukitegemea kazi ilipe ada. Saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, basi.

Kwa hiyo msije. Mwenye baiskeli yake, chumba cha ukoo, samaki wa Sahare na machungwa ya Muheza wakati wa msimu, ana vitu ambavyo huku tungevilipia nusu ya mshahara. Anachokosa ni fedha taslimu, na hiyo kweli inauma, sikatai. Sukari ilipopotea mwanzoni mwa 2024 hakuna mnazi uliotoa sukari.

Lakini wewe binti wa shangazi mwenye cheti cha uuguzi na leseni hai, wewe usinisikilize, anza leo. Mtihani wa Kiingereza wa IELTS unataka 7 kusikiliza, kusoma na kuongea, na 6.5 kuandika, wengi wanaangushwa na kuandika, kwa hiyo fanya mazoezi hayo kwanza. Halafu mtihani wa uuguzi wa kwenye kompyuta unaoufanyia huko huko, wa vitendo utaufanya ukishafika. Kipimo cha kifua kikuu cha viza usikiwahi, cheti chake kinakaa miezi sita tu. Mshahara wa kuanzia wa muuguzi katika hospitali za umma za England kwa 2025/26 ulikuwa pauni 31,049 kwa mwaka, na kwa huo chumba kinapata hata dirisha.

Jaketi usinunue Tanga. Ukifika, kuna maduka ya misaada yanauza ya mtumba kwa pauni 10, tena ya baridi ya kweli. Hiyo nafasi kwenye begi weka kanga mbili, mbuzi ya kukunia nazi, na dagaa waliokaushwa vizuri, wafunge mara tatu.