Maswali Yenu: Mstari kwenye Simu Si Njia

Maswali ya safari hii ni mengi, ila ukiyavua nguo unakuta ni lile lile: "Nipe njia nzuri ya changarawe ya kuendesha baiskeli, yenye msitu na vilima, ya kilomita kadhaa." Sitoi njia. Nafundisha kuzisoma, na hata hilo wengine hawalitaki.

Kwenye lami namaliza kilomita 100 kwa saa nne. Nimepata njia ya msituni ya kilomita 80. Nikitoka saa mbili asubuhi, si saa sita nitakuwa nimerudi?

Hutakuwa umerudi. Umenitajia urefu wa njia, hukunitajia kupanda kwake, na kwenye vilima kupanda ndiyo njia yenyewe.

Tuseme hizo kilomita 80 zina jumla ya mita 1,800 za kupanda, jambo la kawaida kwenye milima yenye misitu. Wewe na baiskeli na mizigo mna kilo 85. Kupanda mita 600 kwa saa kunakutaka utoe wati 140 hivi kwa ajili ya mlima peke yake, kabla changarawe haijadai haki yake. Mtu mwenye mazoezi ya kawaida anaweza, lakini hatapiga soga. Kwa hiyo mita 1,800 ni saa tatu za kupanda tu. Ongeza saa moja ya kuteremka kwa tahadhari, na saa moja na nusu ya sehemu tambarare. Kisha kuna mageti ya kufungua na kufunga, kula, pancha moja na kubishana kwenye njia panda. Saa tisa alasiri, kama Mungu akipenda.

Tena usiishie kwenye jumla. Angalia mchoro wa mwinuko. Mita 1,800 zinaweza kuwa vilima vitatu vikubwa, au vilima sitini vya mita thelathini thelathini. Mimi naogopa hivyo sitini. Kwenye lami kasi ya mteremko hukusaidia kupanda kilima kinachofuata. Kwenye changarawe, chini kabisa ya bonde ndiko kokoto zote zimekusanyika, unapunguza mwendo, na kila kilima unakianza kwa kutambaa.

Baiskeli gani ni bora kwa changarawe?

Swali hili nalijibu kila safari na hii ni ya mwisho: inayopokea tairi lenye upana wa milimita 45 na yenye gia nyepesi, meno ya nyuma yakizidi ya mbele. Rangi chagua mwenyewe.

Baiskeli yangu ya mlima itafaa?

Itafaa. Kwenye lami utaachwa, kwenye mawe utawasubiri.

Ni aibu kushuka na kusukuma? Wenzangu hunicheka.

Mwaka 1910, Tour de France, yale mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, ilipopelekwa kwenye milima mirefu ya Pyrenees, mpakani na Hispania, kwa mara ya kwanza, barabara za huko zilikuwa za udongo na mawe. Mfaransa Octave Lapize alisukuma baiskeli yake kwenye baadhi ya sehemu, na ndiye aliyeshinda mashindano mwaka huo. Waulize wanaokucheka wao wameshinda nini.

Ila nashuku tatizo lako ni gia. Wauzaji wanapenda kutuuzia baiskeli zenye gia za wanamashindano. Chukua meno 40 mbele na 42 nyuma: ukizungusha miguu mara 60 kwa dakika unakwenda karibu kilomita 7.5 kwa saa, na kwenye mwinuko wa asilimia 12 hiyo inadai wati 230 hivi. Mguu wako unazo kwa dakika tano, mlima una dakika ishirini. Weka meno 30 mbele na 46 nyuma, na kwa mzunguko ule ule unatambaa kilomita 5 kwa saa kwa wati 160. Unakwenda kama kobe, lakini umekaa kwenye kiti. Lapize hakuwa na starehe hiyo. Tour haikuruhusu vibadilisha gia vya siku hizi hadi 1937.

Programu ya ramani kwenye simu ilinichorea njia safi, nikaishia kwenye rundo la magogo. Nimlaumu nani?

Jilaumu wewe, na mimi nikae pembeni yako, maana nimeshafanya hivyo hivyo. Nilifuata mstari mzuri wa buluu uliopinda na bonde. Changarawe ikawa majani, majani yakawa makangaga yanayonifika kiunoni, na mwisho palikuwa na magogo yaliyoota ukungu, gome likimomonyoka ukilishika. Barabara ile ilichimbwa ili mbao zitolewe. Mbao zilitoka, kazi ikaisha, na barabara nayo ikaisha. Nilibeba baiskeli begani kurudi juu, cheni ikinichora mafuta shingoni.

Barabara nyingi za misitu zina tabia hiyo. Zinatoka kwenye barabara kuu kama matawi ya mti, na tawi halirudi kwenye shina. Programu haijui hilo. Inaona mistari miwili iliyokaribiana kwenye ramani na inaamini mtu hupita.

Ukiwa na OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, angalia alama ya aina ya barabara: daraja la 1 ni ngumu na imara, la 5 ni udongo laini na nyasi. La 4 na la 5 kwenye mteremko mkali, hesabu kwamba utatembea. Picha ya setilaiti husaidia penye uwazi. Chini ya miti mikubwa inakuonyesha vichwa vya miti tu. Soma pia mistari ya kontua, ile inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja: barabara inayokwenda sambamba nayo ni rafiki, inayoikata moja kwa moja ilichorwa na maji au na mbuzi. Na ukumbuke upande wa mlima usiopata jua. Huko tope hukaa siku kadhaa baada ya upande wa pili kukauka.

Upepo kiasi gani kwenye tairi?

Mdogo kuliko ulioweka. Namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni mwisho wake, si ushauri. Mtu wa kilo 75 mwenye tairi la milimita 40 la tyubulesi aanzie kati ya psi 30 na 35, nyuma kuzidi mbele kidogo. Kama una tyubu, ongeza chache. Ukipata pancha ya matundu mawili yaliyokaa sambamba kama meno ya nyoka, basi umepunguza mno na rimu imebana tyubu. Wa tyubulesi nao watikise magurudumu yao leo: usiposikia majimaji yakicheza ndani, ute wa kuziba umeshakauka na unabeba tairi la kawaida kwa bei ya juu.

Kupanda sina shida, naogopa kushuka.

Una akili, wahenga walishasema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Shika hendeli chini, peleka makalio nyuma, na maliza kufunga breki kabla ya kona, si ndani yake. Usiburute breki mlima mzima. Bana kwa nguvu, achia, bana tena, diski zipate kupumua. Na kagua vipedi vya breki kabla ya siku ya mvua. Maji yaliyochanganyika na mchanga husaga vipedi kama msasa. Nimewahi kuondoka navyo nusu na kurudi nikisikia chuma kikilia juu ya chuma.

Nikikutana na lori la magogo?

Toka barabarani kabisa, na usisimame kwenye kona. Tela hukata kona upande wa ndani, na ncha za magogo yaliyotokeza nyuma hupepea upande wa nje. Kona haina upande salama.

Mvua imenyesha siku tatu. Twende tu?

Kwenye changarawe iliyoshindiliwa, nendeni. Kwenye udongo laini, kaeni nyumbani. Alama ya tairi lako ndiyo mfereji wa mvua ijayo, na mfereji huo ndio sababu ya geti la msitu kufungwa tusipite. Hao wanaojirekodi wakirusha tope hewani ndio wanaotuharibia.

Kuna ubaya kwenda peke yangu?

Hakuna, ukimwachia mtu njia yako na saa ambayo akianza kuhangaika atakuwa na haki. Usitegemee kumpigia, mabondeni mtandao hukata. Pakua ramani kabla ya kutoka, chukua betri ya akiba, na beba kipande cha tairi kuukuu cha kuwekea kiraka kwa ndani siku jiwe litakapochana ubavu.