Nikikutana na Simba Porini, Nikimbie?

SWALI: Mzee, salamu. Chama chetu cha akina mama tumeweka akiba mwaka mzima, na Desemba tunakwenda Laikipia siku tatu. Wenzangu wamechagua kutembea porini kwa miguu na mwongozaji, si kukaa garini. Nina miaka 52, magoti bado yana nguvu, lakini usingizi umenipaa. Tukikutana na simba nifanye nini? Na nivae nini?
Mama wa watoto wanne, Donholm, Nairobi

JIBU: Mama, nenda. Nimewatembeza wageni porini miaka 19 kabla ya kuja kukaa huku Kasarani.

Usikimbie. Simba akiona kitu kinakimbia, hukifukuza. Simama, mtazame, songeana na wenzako, kisha mrudi kinyumenyume polepole mwongozaji akisema. Mara nyingi atakuwa amewasikia mapema na kujiondokea. Mimi niliyemhofia hasa ni mbogo dume mzee aliyejitenga na kundi. Mchana hulala kichakani, na hukurupuka ukiwa umeshamfikia. Ndiyo maana tunasikiliza askari wa kifaru, wale ndege wanaodonoa kupe mgongoni mwake. Wakiruka kwa kelele, kila mtu asimame pale pale.

Kuna siku ndovu alitutokea, kichwa juu, masikio ameyatandaza. Alikuwa anatutisha tu, akasimama. Lakini mgeni mmoja alikuwa ameshatimua mbio, akaangukia mgunga. Jioni nilimtoa miiba 11 kiganjani, mmoja mmoja, kwa sindano. Kosa lilikuwa langu: asubuhi ile sikuwa nimewaeleza maana ya mkono wangu ukiinuliwa. Kwa hiyo, kabla ya hatua ya kwanza, mwongozaji awafundishe ishara za mikono. Asipofanya hivyo, muulize wewe, tena mbele ya wenzako wote.

Manukato yaache nyumbani, kwa kuwa porini upepo ndio kila kitu. Mimi nilibeba soksi ya mtoto iliyojaa majivu. Ukiigonga kidogo kwa kidole, vumbi linatoka na kukuonyesha upepo unakwenda wapi. Ukivuma kutoka kwa mnyama kuja kwenu, mwendelee. Ukigeuka, na ninyi mgeuke.

Nguo utazipata Gikomba: kaki, kahawia au kijani kilichofifia. Nyeupe huonekana kutoka mbali. Za mabaka kama za jeshi usiguse, sheria ya Kenya hairuhusu raia kuzivaa. Na siku ukienda penye mbung'o, epuka bluu na nyeusi. Hata mitego ya mbung'o hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Viatu vinunue sasa, uvivae kila siku hadi stejini na sokoni, vikuzoee.

Kabla ya Desemba, jaribuni siku moja Hell's Gate pale Naivasha, kama kilomita 90 kutoka mjini. Kule kutembea kwa miguu kunaruhusiwa, na pundamilia na twiga mtawaona. Ila mkiona wingu la mvua, hata kama liko mbali, msiteremke korongoni, nawasihi. Septemba 2019 maji yalikuja ghafla mle ndani yakaua watu 7.

Mkifika Laikipia, mwombe mwongozaji akuonyeshe unyayo wa fisi na wa simba. Wa fisi una alama za kucha mbele. Wa simba hauna, kwa sababu akitembea kucha huzificha. Chuchumaa, uweke kiganja chako kando yake.