Neema si Tokukurinka

Swali: Shikamoo mwalimu. Naitwa Neema, Oktoba naenda Japani kusoma. Rafiki yangu amenitumia jedwali la herufi za Kijapani kwenye WhatsApp, na kwa kulifuata jina langu linatoka Tokukurinka. Jamaa mwingine wa mtandaoni anasema hapana, niandike 恵 kwa sababu maana yake ni neema, na kwa shilingi 20,000 atanichongea na muhuri. Nimfuate nani?

Jibu: Marahaba Neema, na hongera kwa safari. Usimfuate yeyote. Jina lako ni ネエマ, kwa katakana, yaani herufi ambazo Wajapani huandikia majina ya kigeni: ne, e, ma. Wapo watakaoandika ネーマ, kile kistari kikivuta e ya kwanza, na hawajakosea. Ila chagua moja sasa hivi na uishi nalo, maana benki za kule husajili pia matamshi ya jina kwa kana (herufi za sauti, katakana ikiwa mojawapo), na pesa iliyotumwa kwa ネーマ inaweza kukwama kama akaunti inasema ネエマ. Usikubali ネマ tu. Hapo wamekula e yako moja.

Sasa hilo jedwali. Nimeletewa mara nyingi mpaka nalijua kwa kichwa: A ni ka, B ni tu, C ni mi, na kuendelea mpaka Z. Juma anakuwa Zudorinka, Asha anakuwa Kaaririka, na watu wazima wanaandika hivyo kwenye wasifu wao. Aliyelitunga hakujisumbua hata kuficha: F yake ni “lu”, wakati Kijapani hakina L. Katakana huandika silabi. マ ni “ma” nzima, huwezi kuipasua ukachukua m ukaacha a. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba sisi ndio tusiohitaji njia ya mkato. Irabu zetu ni tano kama zao, na silabi zetu karibu zote huishia na irabu. Mtu anayeitwa Christopher ana haki ya kuhangaika. Neema, Juma na Halima wanaingia kwenye katakana kama mguu kwenye ndara.

Mtazame Juma Ikangaa, aliyeshinda mbio za marathoni za Fukuoka mwaka 1986. Wajapani wanamwandika ジュマ・イカンガー. Hiyo ュ ni ndogo makusudi, ndiyo inayofanya “ji” iwe “ju”. Ukiikuza unasoma Jiyuma. Nukta ya katikati inatenganisha jina na jina. Kistari cha mwisho ni ile a ya pili. Hakuna aliyemtafutia kanji, zile herufi zenye maana kama 恵.

Tuje kwa huyo wa 20,000. Maana hajadanganya: 恵 ni neema, baraka. Lakini Mjapani akiiona kama jina atasoma Megumi, au Kei. Hakuna atakayesoma Neema. Utakaa darasani Megumi-san anaitwa, nawe umenyamaza ukidhani ni mwenzako. Tafsiri ya jina si jina. Mtu anayeitwa Baraka hageuki kuwa Blessing akifika London. Zipo kanji zinazoweza kupangwa kwa sauti, ne na e na ma, na Wajapani wenyewe huwapangia watoto wao, lakini mpaka uweke kana ndogo pembeni hakuna atakayejua zisomwe vipi. Kwenye kadi yako ya ukaaji jina litaandikwa kwa herufi za Kirumi kama lilivyo kwenye pasipoti. Na muhuri ukitaka kuusajili manispaa, lazima ulingane na jina lililo kwenye rejista ya wakazi. Wa 恵 utarudishiwa dirishani. Chonga hukohuko ukishafika.

Vishoka hawa wamejaa, na wengine wanachora tatuu kwenye ngozi za watu. Mwaka 2019 mwanamuziki Ariana Grande alitaka achorwe “pete saba” kiganjani, akatoka na 七輪, ambalo ni jiko la mkaa. Huyo ana pesa ya kumlipa mkalimani yeyote duniani. Wewe unampa mkono wako kijana aliyenakili kwenye simu?

Kuna mmoja alikuja kwangu tatuu ikiwa imeshachorwa. Alitaka jina la mama yake, Saada, lishuke wima kwenye mkono. サーダ, herufi sahihi kabisa, nilianza kufurahi. Lakini katakana ikiandikwa wima, kile kistari nacho husimama. Fundi alikiacha kimelala, na kikilala hapo kinafanana na 一, yaani moja. Sa, moja, da. Nilimwambia. Akautazama mkono kwa muda, kisha akaniuliza kama hakiwezi kuzungushwa.