Peugeot 504 ya zamani na petroli yenye ethanoli: anza na mipira ya petroli, kabureta baadaye

Ndugu, umeuliza kama Peugeot 504 uliyoachiwa na mzee itafika Harare kutoka hapa Lubumbashi bila kubadilishiwa kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, kwa sababu petroli ya Zimbabwe inachanganywa na ethanoli, aina ya alkoholi. Itafika. Mimi nina Peugeot 404 yenye kabureta ya Solex, na njia ya Kasumbalesa, Lusaka, Chirundu inaijua vizuri.

Ethanoli huhitaji hewa kidogo kuliko petroli, kwa hiyo kabureta iliyopimiwa petroli tupu huishia kuipa injini hewa nyingi mno. Ndiyo maana wenye magari ya kale Uingereza wanaambiana wapanue vile vitundu vya kabureta vinavyopitisha petroli. Lakini wengi wao wanaishi karibu na usawa wa bahari! Sisi Lubumbashi tuko kwenye mita 1,200 hivi, hewa ni nyepesi, na magari haya hunywa petroli kupita kiasi. Chomoa plagi zako uone weusi wake. Kwa ethanoli ya asilimia 10, kasoro moja karibu inaifuta nyingine. Zimbabwe, ambako kuchanganya ni lazima tangu 2013, kiwango hupanda na kushuka kati ya asilimia 5 na 20. Kikiwa 20, injini itakohoa asubuhi. Vuta choki, ngoja ipate moto. Itakula zaidi pia, maana lita ya ethanoli ina nguvu kama theluthi mbili tu ya lita ya petroli.

Hatari iko kwenye mipira inayopitisha petroli. Mpira wa enzi zile, pamoja na kiwambo cha pampu, ukikutana na ethanoli hulainika, huvimba, mwisho hupasuka. Wangu ulianza kutoka jasho karibu na pampu, juu ya injini yenye moto, na harufu ndiyo iliyonishtua. Badilisha yote kabla ya kuondoka, uulize mpira wa Viton, unaostahimili ethanoli. Kwa nje inafanana yote, kwa hiyo soma maandishi ya ubavuni, usimsikilize muuzaji. Beba na filta za akiba: ethanoli huosha tanki, na uchafu wa miaka yote unashukia hapo.

Ukirudi, usiliegeshe gari na petroli hiyo, hasa msimu wa mvua. Ethanoli huvuta unyevu. Maji yakizidi, hujitenga na petroli pamoja na ethanoli na kuzama chini ya tanki, kule kule bomba linakovuta, na kutu inaanza. Imalize barabarani.

Na kama unanunua kwa kadhafi, wale wauza petroli wa mitaani wenye mabidoni, ambao hata wenyewe hawajui yametoka wapi, pima. Chukua chupa nyembamba ya kioo, tia maji kidogo, weka alama, jaza petroli, tikisa, acha itulie. Maji yakibaki kwenye alama, ni petroli tupu. Yakionekana yamepanda, kilichoongezeka ni ethanoli iliyohamia kwenye maji.