Je, Msiba Huthibitisha Utabiri wa Mpiga Falaki?

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Kabla sijaolewa, baba yangu mkubwa alipeleka majina yetu kwa mpiga falaki, akaambiwa nyota zetu haziendani na ndoa haina kheri. Hatukujali, tukaoana. Mwaka wa tatu mume wangu akafariki kwa ajali ya pikipiki, akaniacha na mtoto mmoja. Ndugu zake wananiita mwenye nuksi, wanataka nioge dawa kisha niondoke nyumbani ilhali nimo edani. Mama yangu naye husema, "Uliambiwa." Je, nilikosea? Na mbona alilosema limetokea?

JIBU: Wa alaykumu salaam, mwanangu. Mwenyezi Mungu amrehemu mumeo. Hukukosea hata kidogo. Hukumu ya kuwaendea watabiri inajulikana, sitairudia. Linalonisumbua ni hiyo hoja ya "limetokea, basi alijua", maana nimeisikia hata kwa watu wanaoswali safu ya mbele.

Mtu huyo alichukua majina yenu na ya mama zenu, akajumlisha herufi kwa hesabu ya abjadi, ambayo huipa kila herufi ya Kiarabu namba yake, akagawa kwa 12, akapata nyota. Hakutaja pikipiki, wala mwaka, wala kifo. Alisema "haina kheri", neno ambalo lingemfaa vilevile kama mngeachana, mngekosa mtoto, mngefilisika, au mngegombana mkiwa wazee. Na wale aliowaambia nyota zao zimepatana, kisha wakaishia kwa kadhi kudai talaka, nani kati yao aliyerudi kumdai ada yake? Lililoangukia shabaha husimuliwa misibani. Yaliyokwenda kombo hayana msimulizi.

Hoja hii ni kongwe. Baada ya vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, wanafiki waliobaki nyuma walisema kuhusu waliouawa kwamba lau wangewatii wasingeuawa. Kwa kipimo cha wakwe zako, matukio yaliwapa wanafiki haki! Qur'ani (3:168) iliwajibu wajiondolee mauti wao wenyewe ikiwa ni wakweli. Nami nauliza: huyo mpiga falaki, kwake hakufi mtu?

Tena jua lilipatwa siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (s.a.w.), na watu wakasema limepatwa kwa ajili ya kifo hicho. Mtu mwongo angenyamaza, kwani maneno hayo yalimtukuza yeye. Mtume alisimama akaeleza kuwa jua na mwezi havipatwi kwa kifo cha mtu wala kwa uhai wake. Ikiwa aliikataa hoja hiyo hata ilipompa utukufu, sisi tunaitumiaje kumdhalilisha mjane?

Mama yako anasema kwa uchungu, usimjibu kwa ukali. Mkumbushe tu kwa upole kwamba Mtume alikataza kusema "lau ningefanya kadha", kwa kuwa "lau" hufungua kazi ya shetani, akatufundisha kusema: "Qadarullahi wa maa shaa-a fa'ala", yaani, ni kadari ya Mwenyezi Mungu, na alilotaka amelifanya.

Hiyo dawa usiioge, hata kwa kutafuta amani, kwani kuioga ni kuikiri nuksi wasiyokuwa na ushahidi nayo. Wala usitoke: Furay'a bint Malik, mwanamke wa zama za Mtume, alipofiwa na mumewe aliamriwa na Mtume abaki nyumbani mwake mpaka eda iishe, nayo ni miezi 4 na siku 10. Kwa kuwa marehemu ameacha mtoto, fungu lako ni thumuni, yaani sehemu moja ya nane ya mali, baada ya kulipwa madeni, na mahari yako kama hayakumalizwa ni deni mojawapo. Mwombe mjomba wako aende kwa kadhi wiki hii, kabla mali hazijagawanywa barazani nawe umo ndani.