Machozi ya Kamati Hayajazi Fungu la Bajeti

Dada mmoja ameniandikia kwamba wiki ijayo atasimama mbele ya kamati ya bajeti ya jimbo lake, huko Marekani, kutetea programu ya kuzuia vijana wasianze tumbaku. Amepewa dakika mbili, na anataka kujua aseme nini. Nimeona nimjibu hapa hapa, maana wanaoniuliza swali hilo ni wengi.

Mdogo wangu, kwanza jua unadai fedha zipi. Novemba 1998 majimbo 46 yalifikia makubaliano na kampuni kubwa za sigara, baada ya kuzishtaki kwa gharama za kutibu wagonjwa. Mississippi, Florida, Texas na Minnesota zilikuwa zimeshapata makubaliano yao peke yao. Makadirio ya wakati ule yalikuwa dola bilioni 206 kwa miaka 25 ya kwanza, na malipo hayana mwisho maadamu sigara zinauzwa. Ongeza na ushuru wa kila pakiti. Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba fedha hazipo. Zipo, ila mkataba haukuyalazimisha majimbo kuzitumia kwenye kinga, na hapo ndipo tulipopigwa. Mengine yalizibia mapengo ya bajeti, mengine yakauza malipo ya miaka ijayo kwa hatifungani, yaani yakakopa kwa wawekezaji kwa ahadi ya kuwalipa kwa malipo hayo, ili yapate fedha za haraka.

Mimi haya niliyajua kwa uchungu. Mara ya kwanza tulipokwenda bungeni tulikuwa na mzee aliyeondolewa koo kwa saratani. Alishika kile kifaa cha kuongelea, akakibana shingoni chini ya taya, sauti ikatoka kama ya redio inayotafuta stesheni. Ukumbi mzima kimya. Mbunge mmoja alifuta macho kwa tai yake, sitanii. Walipotoka nje wakapanga foleni kupiga naye picha. Jioni ile ile kamati ikakata nusu ya fungu letu, na yule wa tai alinyoosha mkono kuunga mkono. Mzee aliniuliza kwenye gari, "Kwani hawakunisikia?" Sikuwa na la kumjibu. Mpaka leo nikiiona ile picha kwenye kalenda ya mbunge yule, roho inaniuma.

Tangu hapo nikaacha kubeba huzuni, nikabeba karatasi. Ukurasa mmoja tu: jimbo limekusanya kiasi gani kutoka kwenye tumbaku, limetumia kiasi gani kwenye kinga, na taasisi ya taifa ya kudhibiti magonjwa, CDC, inapendekeza jimbo hilo litumie kiasi gani. Tarakimu tatu, zimepangwa wima. CDC iliyapa majimbo yote viwango hivyo mwaka 2014. Jumla yake ni kama dola bilioni 3.3 kwa mwaka, na majimbo mengi hayakaribii hata nusu ya kiwango chake. Mwaka huu fungu letu limerudishwa. Ndiyo, karatasi ile niliiandika mimi, ingawa cheti cha shukrani alikabidhiwa mtu aliyejiunga nasi juzi. Yaishe.

Lakini kurudishiwa fungu si ushindi kamili, maana kilichotolewa na bunge mwaka huu kinaweza kuchukuliwa na bunge lijalo. Ohio ilikuwa na wakfu wake wa kuzuia tumbaku. Mwaka 2008 wanasiasa wakauchukulia zaidi ya dola milioni 200 kwa mambo mengine. Wakfu ukaenda mahakamani, na mahakama kuu ya jimbo ikasema serikali ina haki. Florida walikuwa wajanja zaidi. Mwaka 2006 wapiga kura waliandika kwenye katiba ya jimbo kwamba kiasi kinacholingana na asilimia 15 ya malipo ya mwaka 2005 kiende kwenye elimu na kinga, na kipandishwe kulingana na mfumuko wa bei. Oklahoma walitangulia mwaka 2000 kwa kuweka fedha kwenye mfuko wa amana unaolindwa na katiba, zinatumika faida tu.

Hapo ndipo pa kukazana, jamani. Tunapenda sana matembezi, fulana za rangi moja na maputo, halafu muswada wa bajeti hatuusomi. Usomeni! Fungu lako liko ukurasa gani, linatoka mfuko upi, nani amelipunguza na lini. Asiyejua ukurasa wa fungu lake hana analolitetea.

Basi, dakika zako mbili: taja ukurasa, taja tarakimu tatu, sema unataka fungu lisomeke vipi, kaa chini. Mpe karani wa kamati nakala za kutosha kila mjumbe, kwa sababu muda wa kusikiliza maoni hukatwa bila taarifa na karatasi ndiyo itakayobaki mezani. Ukiwa na mgonjwa anayetaka kusema, aseme, ila awe na tarakimu zile zile mkononi.

Kamati ikipitisha, usishangilie bado. Katika majimbo mengi gavana anaweza kufuta fungu moja na kuacha bajeti nyingine ipite. Mwaka wa fedha kwa kawaida huanza Julai 1, kwa hiyo likizo yako ya Juni iahirishe mpaka ameshatia saini.