Njegere duara zinazaaje zenye makunyanzi?

Mdogo wangu, umeuliza njegere yenye makunyanzi imetoka wapi wakati wazazi wote wawili ni duara, na 3n/4, yaani idadi ya mbegu duara kati ya mbegu zote n, inakokotolewaje. Kwa kuwa uko hapahapa Mbeya, pita soko la Mwanjelwa ununue njegere kavu kidogo, uzimwage mezani uzipapase. Itakusaidia kuliko mchoro.

Kila mmea una jeni (vibeba sifa za urithi) mbili za umbo la mbegu, moja kutoka kwa kila mzazi. D ni duara, nayo hutawala. d ni makunyanzi, hujificha ikikutana na D. Mzazi Dd kwa hiyo ni duara kwa nje tu. Wazazi wote wawili wakiwa Dd, zidisha (D + d)(D + d), unapata DD + 2Dd + dd. Ni aljebra ileile ya darasani! Sehemu tatu duara, moja makunyanzi.

Gregor Mendel, mtawa aliyechunguza urithi kwa kupanda njegere, kwenye kazi aliyoichapisha 1866, alihesabu mbegu 7,324. Iweke mahali pa n: 3 × 7,324 ni 21,972, gawa kwa 4, ni 5,493. Yeye alipata duara 5,474. Hakukosea, maana kila mbegu hupokea jeni zake kwa bahati nasibu.

Kosa ninaloliona sana ni mwanafunzi kuandika 37,324. Hapana, 3n ni kuzidisha.